Spiriti Usoni kwa Babu

Piyu alikuwa na imani mbili. Ya kwanza aliirithi: kila asubuhi na kila jioni alisimama nyuma ya mama mkwe wake wakati udi ukichomwa, akainamisha kichwa pale alipotakiwa kuinamisha. Ya pili aliipata mwenyewe, ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha buluu, nayo ilikuwa spiriti. Na ungembana aseme kweli, angekiri kwamba hii ya pili ilijibu maombi upesi zaidi.

Kazi yake ilikuwa kudarizi namba na majina kwenye mashati ya wanafunzi, pale barazani kwao, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko huko Tainan. Mashati ya shule hayaji peke yake. Huja na wino uliovuja mfukoni, rangi ya kalamu nene kwenye kola, gundi ya stika kwapani, Mungu ajuaye ilifikaje huko. Piyu aliyalaza juu ya taulo, akachovya pamba, akaanza kugonga. Hasugui. Anayesugua doa analitembeza tu. Unagonga kutoka pembeni kuja katikati, unabadilisha pamba, unagonga tena, na doa linahamia kwenye taulo kwa hiari yake. Spiriti ya asilimia tisini na tano ni ya madoa, ya sabini na tano ni ya mikono, na mtu aliyezichanganya hizo mbili Piyu alimhesabu kuwa hakulelewa.

Mama mkwe wake, Sukhim, hakuitaka hata kuisikia.

"Nyumba inanuka sindano," alisema kila siku, akifungua madirisha hata mvua ikinyesha. "Mkwe wangu huyu, siku nikifa ataniogesha kwa hiyo hiyo. Nitafika kwa wazee nimekauka kama pweza wa dukani."

"Utafika huna doa, Mama," Piyu alimjibu.

"Mdomo huo! Mdomo huo ndio ungeupaka spiriti."

Waliishi hivyo miaka ishirini na moja, na hakuna aliyefikiri kuhama.

Sasa, katika uchochoro ule mzima, fahari ya Sukhim ilikuwa moja. Haikuwa mwanawe Wenbin, mume wa Piyu, fundi wa friji za samaki, mtu mwema mwenye kusinzia akiwa amesimama. Ilikuwa Babu wa Ardhi, yule mungu mzee mwenye ndevu nyeupe za nywele za kubandikwa, aliyekaa juu ya madhabahu yao sebuleni, kashika kipande cha dhahabu, kachongwa kwa mti, urefu wake ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila nyumba inaye. Lakini wa Sukhim alikuwa na uso mweusi tititi, na uso mweusi una maana yake: moshi. Udi wa vizazi vitatu, asubuhi na jioni bila kukosa siku, ndio unaoweza kumtia mungu weusi ule. Wa jirani yao, Bi Pochu, alikuwa wa waridi mpaka leo, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na Sukhim hakuacha hilo lipite kimya.

"Weusi haununuliwi, Pochu," alimwambia, kwa huruma ya uongo. "Wewe endelea tu kuchoma. Wajukuu zako watakuja kuuona."

Bi Pochu alitabasamu kwa meno yote, akaenda zake kununua udi mnene zaidi.

Kumgusa Babu hakuruhusiwi mwaka mzima. Kuna nafasi moja tu. Tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi na mbili, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, miungu ya nyumbani hupanda mbinguni kutoa ripoti ya mwaka, ikilambishwa vitu vitamu kwanza ili ripoti iwe tamu. Sanamu hubaki tupu. Hapo ndipo watu hushika brashi, wakafuta vumbi la mwaka mzima, maana mwenyewe hayupo, hutamkera. Anarudi tarehe nne ya mwaka mpya. Na kila mwaka, siku hiyo ya ishirini na nne, Sukhim alijifungia sebuleni peke yake saa mbili nzima. Hakutaka msaada, hata wa kushikiwa ndoo.

Mwaka huu aliteleza kwenye maji ya samaki pale sokoni, akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa plasta ngumu kutoka vidole hadi kiwiko.

Alizunguka na siri yake siku tisa, akijaribu kushika brashi kwa mkono wa kushoto, akiangusha kila kitu. Siku ya kumi alimwita Piyu.

"Mwaka huu utamsafisha wewe."

Piyu aliweka shati chini. Alidhani hakusikia vizuri.

"Brashi mpya," Sukhim akaendelea, akimtazama kwa jicho moja. "Kavu. Kavu, umenisikia? Maji yasimguse. Uso usiuguse kabisa. Nguo zake, kiti chake, vumbi la mgongoni, basi. Ukifanya vizuri, tarehe nne, mbele ya watu wote, nitakupa ufunguo wa kabati la madhabahu. Ukiharibu, Peishan anakuja kula mwaka mpya. Nitampa yeye."

Peishan alikuwa mke wa mdogo wake Wenbin, anayeishi Taipei, ambaye mchele aliujua ukiwa kwenye sahani tu. Tusidanganyane, Piyu aliutaka ufunguo ule. Kwa miaka ishirini na moja alipika, alifua, alimwosha baba mkwe mpaka siku anakufa, na bado akija mgeni Sukhim humtambulisha kama "mke wa Wenbin." Mwenye ufunguo wa madhabahu ndiye mwenye nyumba. Wengine wote ni wapangaji wanaojua kupika.

"Kavu, Mama," alisema. "Nimesikia."

Na kweli alikusudia.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne walimpa Babu mipira ya mchele yenye sukari, wakamuaga, wakachoma karatasi za farasi wake wa safari. Sukhim akaenda saluni kutengeneza nywele za mwaka mpya. Mlangoni aligeuka mara tatu.

"Kavu!"

"Kavu, Mama! Nenda, nywele zitakauka kabla hujafika!"

Piyu alizima taa nyekundu za madhabahu, akapanda kigoda, akamteremsha Babu kwa mikono miwili, akamlaza juu ya taulo safi mezani pake. Ukutani, picha ya marehemu baba mkwe ilimtazama kwa ule uso wake wa mtu asiyejua lolote. Alipiga brashi mgongoni, kwenye mikunjo ya joho, chini ya kiti. Vumbi la udi lilitoka kwa wingi. Kazi ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo ungejua kwamba kuna jambo.

Alipomgeuza, aliliona doa.

Lilikuwa kwenye shavu la kushoto, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, jekundu. Alilijua kabla hajainama. Ni lile ua la karatasi nyekundu analochomekwa Babu kichwani kila mwaka mpya. Lilipata unyevu wakati wa mvua za mwezi wa tano, likachuja rangi. Rangi ya karatasi nyekundu! Doa jepesi kuliko yote duniani. Mtoto wa darasa la kwanza angelitoa.

Piyu alikaza macho pembeni. Alipiga brashi kwenye ndevu. Alipiga brashi kwenye kile kipande cha dhahabu. Doa lilimsubiri.

"Tone moja tu," alimwambia Babu. "Na wewe mwenyewe hupo."

Alichukua ile ya tisini na tano. Pamba ndogo, tone moja, akagonga kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kama anavyojua. Nyekundu ikatoka. Akainua pamba kwa furaha. Kando ya ile nyekundu, pamba ilikuwa nyeusi.

Na kwenye shavu la Babu palikuwa na kidoti cha waridi.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Piyu alikuwa na akili, lakini pia alikuwa na mkono uliozoea, na mkono ule ulisema: sawazisha kingo. Akagonga kidogo pembeni ili weusi uungane taratibu na ile waridi. Kidoti kikawa sarafu. Akagonga upande wa pili wa uso ili mashavu yafanane. Sarafu zikawa mbili. Akajaribu kwenye paji, na nyusi ya kushoto ikaja yote na pamba, ikatulia pale juu kama mdudu aliyekufa. Alipozinduka, Babu wa Ardhi wa vizazi vitatu alikuwa amelala juu ya taulo na uso wa waridi, nyusi moja, anatabasamu.

"Ala," alisema Piyu. "Ala, ala, ala."

Aliuona ufunguo ukienda Taipei. Aliusikia mdomo wa Sukhim kwa miaka mingine ishirini na moja. Moshi wa miaka themanini, sala za watu waliokufa, ameuvuta kwa pamba! Aliipeleka chupa jikoni mbali, akafungua madirisha mpaka harufu ikaisha, kisha akawasha vijiti vya udi, tisa kwa mpigo, akamshika Babu kichwa chini juu ya moshi na kumgeuzageuza kama samaki wa kukaushwa.

"Shika, Babu. Shika basi, nakuomba. Wewe mzee wa watu, shika."

Alikohoa, akatoa machozi. Dakika ishirini. Babu alitoka vile vile, waridi, ila sasa ananukia vizuri.

Ndipo, katikati ya hofu, ule ubongo wake wa madoa ukaamka. Masizi hayatoki hivi. Masizi ya udi yanaingia ndani ya mbao, yanashikana na rangi. Spiriti ingeyalamba juu tu, ungetoa kijivu, ungegonga mchana kutwa. Hiki kilikuja kwa tone moja. Vitu vinavyokuja hivyo kwa spiriti anavijua kwa majina: wino, rangi ya kalamu nene, gundi ya stika, na...

Aliiokota pamba, akainusa.

Baba yake Piyu alikuwa mkagua tiketi kwenye treni. Kila Jumapili alikaa mlangoni na viatu vyake vya kazi, kopo na kitambaa, na Piyu mdogo alikaa pembeni akinusa. Harufu ile hata ukimwamsha usingizini angeitaja. Ilikuwa dawa ya viatu, nyeusi.

Piyu alikaa chini sakafuni. Alitazama pamba, akamtazama Babu, akaitazama pamba tena. Weusi haununuliwi, Pochu! Kicheko kilianzia tumboni, akakiziba kwa aproni, kikatokea puani. Saa mbili za kujifungia kila mwaka. Hakuna hata wa kushika ndoo. Mzee yule, mdomo ule, alikuwa anapiga mungu rangi kama kiatu!

Hatuwezi kumfichia Piyu. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya na tamu. Alichukua ile pamba nyeusi, akaifunga kwenye kimfuko cha nailoni, akakitia ndani ya mfuko wa aproni. Siku yoyote Sukhim akianza, atakitoa tu, akiweke mezani bila kusema neno. Mbele ya Pochu, ikibidi.

Lakini kabla ya hapo, mtu aliyemfuta Babu alikuwa yeye, na Sukhim alikuwa njiani anarudi. Basi kopo la dawa lilikuwa ndani ya nyumba hii. Na si la Wenbin, anayevaa mabuti ya mpira. Alipekua droo ya chini ya madhabahu, chini ya karatasi za sadaka, chini ya mishumaa, chini ya vile vibao viwili vya kuuliza miungu, akalikuta limefungwa kwenye kitambaa chekundu, na mswaki wa zamani kando yake. Ndani palikuwa na dawa kidogo iliyokauka na kupasuka. Piyu alicheka tena. Alijua kitu kimoja tu cha kuilainisha. Matone matano ya ile ya tisini na tano, na ikawa laini.

Alipaka uso, akachora nyusi kwa ncha ya sindano, akasugua kwa soksi mpaka ikang'aa, kisha akaona inang'aa sana, akampulizia majivu ya udi. Dawa iliisha kabla ya masikio. Aliyapaka mbele, nyuma akayaacha. Nani anamtazama Babu nyuma ya masikio? Kisha akachovya vidole vyake kwenye spiriti, akavisafisha mpaka chini ya kucha, akamrudisha mzee kitini.

Sukhim aliingia nywele zimesimama kama kofia. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja mpaka madhabahu, akasimama. Alisimama sana.

"Mbona moshi namna hii? Umechoma nyumba?"

"Nimemfukizia, Mama. Nilitaka arudi akute pananukia."

Sukhim alivuta pumzi puani, mara mbili. "Nasikia sindano."

"Ni nywele zako. Ile dawa ya kugandishia ya saluni ina spiriti tele."

Mkono mzima wa Sukhim ulipanda kichwani, ukagusa, ukashuka. Alimtazama mkwe wake vidole, akavitazama kimoja kimoja, vyote vyeupe. Akaingia chumbani bila kusema vizuri wala vibaya, na siku tisa zilizofuata Piyu alikula bila kujua anakula nini.

Tarehe nne wageni walijaa. Wenbin alikuwepo, ameegemea mlango. Mdogo wake alikuja na Peishan, aliyeleta boksi la keki za mananasi na kuliweka juu ya mashati ya watu. Na Bi Pochu alikuja, kwa kuwa haiwezekani miungu ya Sukhim irudi bila Pochu kuhakikisha. Meza ilijaa: nyama tatu, matunda, keki ya mchele wa kunata. Mishumaa haikuwa imewashwa bado.

Bi Pochu alitoa mkobani pakiti ya karatasi laini zenye spiriti, zile ambazo tangu enzi ya maradhi yale hakuna mama wa Tainan anayetoka bila hizo. Alifuta mikono yake kabla ya kushika udi. Akasogea karibu na madhabahu. Akasogea zaidi.

"Masikini Babu, katoka safari ana jivu puani," alisema. Karatasi bado iko mkononi, mbichi. "Ngoja nimfute."

"Usimguse!"

Sauti zilikuwa mbili. Zilitoka pamoja, kutoka pande mbili za sebule, kwa hofu ile ile. Piyu aligeuka kumtazama mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa ameshageuka kumtazama yeye. Hakuna aliyepepesa. Hapo Piyu alijua kwamba Sukhim anajua, na Sukhim alijua kwamba Piyu amejua, na wote wawili hawakuwa na nafasi ya kufanya lolote, kwa maana mkono wa Pochu ulikuwa umeshafika.

Ulimgusa kidevu tu, mara moja. Pochu aliuvuta nyuma, akaitazama ile karatasi. Kwenye weupe wake palikuwa na alama nyeusi, nzito.

Peishan aliacha kutafuna.

Piyu ndiye aliyewahi. Alipiga hatua mbili, akasimama mbele ya Babu na kumweka sawa ndevu, vizuri, mpaka zikafunika kile kidevu chenye doti la waridi.

"Mama Mdogo Pochu," alisema kwa heshima kubwa, "kwa nyumba hii uso haufutwi. Mama amenifundisha. Ni brashi mpya, kavu. Huo ulioutoa ni udi wa vizazi vitatu."

"Vizazi vitatu," Sukhim alidaka, na sauti yake ilikuwa imesharudi. "Umeona ulivyo mzito? Wako ukimfuta anatoa nini, Pochu? Poda?"

Bi Pochu aliitazama karatasi ile kwa macho mengine kabisa. Kisha, taratibu, kwa mikono miwili, aliikunja mara nne, akaitia kwenye kipochi chake cha ndani, kule anakoweka hirizi za mahekalu.

"Nitaiweka chini ya mto wa mjukuu," alisema kwa unyenyekevu. "Ana mtihani."

Piyu aliuma ulimi. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

"Washa mishumaa," Sukhim aliamuru. "Piyu. Uliza kama amefika."

Piyu alivichukua vile vibao viwili vya nusu mwezi, akapiga magoti. Kibao kimoja tumbo juu, yaani upande bapa, na kimoja tumbo chini, ndiyo. Vyote vikigeuka tumbo chini, hapana. Vyote tumbo juu, Babu anacheka. Aliuliza kimoyomoyo, umefika, na kama umefika unisamehe, akavirusha.

Vyote tumbo juu.

"Anacheka," alisema Wenbin, na akaamka vizuri.

Akarusha tena. Vyote tumbo juu.

"Hee! Ana furaha gani huyu mwaka huu?" aliuliza Pochu.

"Huko juu wameipokea vizuri ripoti yake," alisema Sukhim bila kutikisika. "Rusha tena."

Mara ya tatu vikaanguka kimoja juu, kimoja chini. Amefika. Watu wakapumua, wakachoma udi, wakala. Ufunguo haukutajwa. Piyu aliusubiri mpaka supu, akausubiri mpaka matunda, na alipomwona Peishan amekaa karibu na Sukhim akimmenyea chungwa, aliacha kusubiri. Alikusanya vyombo, akaenda jikoni.

Alikuwa kwenye sahani ya nne alipousikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Nyuma ya masikio umemwacha," alisema Sukhim.

Piyu alifunga bomba. "Dawa iliisha."

"Najua iliisha. Ningenunua mwezi ule niliovunjika." Mzee alivuta kigoda, akakaa, mkono wa plasta mapajani. "Na umempaka nzito. Ndiyo maana imetoka kwa yule mjinga. Unapaka mbili nyepesi, katikati unaacha ikauke."

Piyu aliingiza mkono kwenye aproni. Alitoa kile kimfuko cha nailoni, akakiweka juu ya meza, kati yao. Pamba ilionekana vizuri.

"Hiyo uliiweka ya nini?"

"Ya kukuumbulia mbele ya Pochu, Mama."

Sukhim aliitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti mpaka akaushika mkono wa plasta kwa maumivu, na Piyu akacheka naye, wameinamiana juu ya sahani chafu, kila mmoja anamwashiria mwenzake anyamaze.

"Aliyekuwa mweusi kweli alikuwepo," Sukhim alisema alipopata pumzi. "Mwaka ule watu waliposhikwa wazimu wa bahati nasibu, unakumbuka? Kila mtu anamwomba mungu wake namba. Baba mkwe wako akamwomba Babu. Babu akampa namba, au yeye alidhani amepewa. Namba haikutoka. Akambeba usiku, akamtupa Mto Zengwen."

"Baba?" Piyu alikumbuka ile picha ukutani, na uso wake wa mtu asiyejua lolote.

"Yeye huyo. Asubuhi akalia kama mtoto. Mama yake alikuwa hai bado, macho yanafifia, lakini mweusi na wa waridi aliwatofautisha. Angekufa siku ile ile. Nikaenda mtoni. Wa kwetu maji yalishamchukua. Lakini kandokando pale, wee, miungu imetupwa kama viatu! Wamevunjika, wengine hawana vichwa. Huyu alikuwa amekaa kwenye matope, mzima, anatabasamu. Nikamvika koti langu, nikaja naye kwa basi." Aliuweka sawa mkono wa plasta mapajani. "Njiani nikanunua kopo."

Piyu alivuta kigoda cha pili.

"Kumbe si wa nyumba hii."

"Mimi je, ni wa nyumba hii?" Sukhim aliuliza. "Wewe? Nani kati yetu amezaliwa humu? Waliozaliwa humu mmoja anasinzia mlangoni na mwingine kaolewa na keki za mananasi. Huyu ameilinda nyumba miaka thelathini na saba kwa jina la mtu mwingine, na hakuwahi kulalamika." Alijifuta jicho kwa kofi la mkono wa kushoto, kwa hasira. "Mimi ndiye nililalamika. Kila mwaka mpya naficha mikono kwenye sweta. Nasugua kwa chumvi, nasugua kwa pumba za mchele, kucha bado nyeusi. Wewe siku ile nilikukagua vidole. Vyeupe. Ulivitoa na nini?"

Piyu alimwangalia tu.

"Aa, usiniambie," alisema Sukhim. Akapambana na nafsi yake, akashindwa. "Basi nijazie kichupa kidogo. Kidogo. Na usimwambie mtu."

Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani ya koti, akahangaika na pini, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu uliochakaa. Hakuuweka mezani. Aliuning'iniza hewani mpaka Piyu akautoa mkononi mwake.

"Nilisema mbele ya watu. Mbele ya watu nitasema kesho, leo nywele zimeharibika. Kopo jipya kanunue mtaa mwingine, si dukani kwa mpwa wa Pochu. Sasa nenda kamchomee udi. Kajitambulishe vizuri, mwambie jina lako, maana ni wewe utakayekuwa naye."

Piyu alijifuta mikono kwenye aproni, akausogeza ufunguo puani bila kufikiri. Vidole vyake vilinukia spiriti bado.

"Ananijua, Mama," alisema. "Tangu siku ile."

"Kwa harufu, ndiyo," alisema Sukhim, na akafungua dirisha.